Mgongo wa Libero

Watu wengi wa Kindu, mji wetu wa Kongo kando ya Lualaba, watakuambia walimjua Libero. Waache waseme. Walijua uso wake, na ule uso haukuwa na jambo la kushangaza. Mimi nilikuwa kipa nyuma yake kwa miaka, na nilichokijua ni mgongo: mabega mapana kama mlango wa ghala la mchele, kisogo chenye mikunjo, na masikio yaliyosogea kidogo kila alipokuwa karibu kunitukana. Alikuwa na kipaji hicho. Aliweza kunitukana bila kugeuka, na tusi likanifikia bila kupungua nguvu njiani.

Libero, kwa wasiofuata mpira, ni yule beki wa mwisho kabisa. Mabeki wengine wakishapitwa, anabaki yeye. Akishapitwa yeye, nabaki mimi. Nikishapitwa mimi, yanabaki matusi. Kwa maelezo yake, yeye hakupitwa hata siku moja tangu avae viatu. Mabao tuliyofungwa, na tulifungwa kwa ukarimu mkubwa, yaliingia kwa makosa ya kipa, au ya mwamuzi, au ya jua. "Jua iliniingia mu macho," alisema siku moja ya mvua, na hapana aliyethubutu kutazama juu.

Kuna watu huenda Makka wakarudi na cheo cha Alhaji. Libero alikwenda kusini, kwenye miji ya migodi ya shaba, akarudi na cheo cha profesionel. Aliondoka Kindu kwa treni, kijana mwembamba, akaenda kucheza kwa mshahara katika timu moja kubwa ya huko. Ile unayoifikiria, au pengine ile nyingine, maana yeye mwenyewe alibadilisha kulingana na aliyekuwa akimsikiliza. Katika simulizi moja alikuwa kapteni. Katika nyingine alikaribia kuwa kapteni. Katika ya tatu kapteni alikuwa akimwogopa, jambo ambalo naliamini.

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa hodari kweli. Ingekuwa rahisi kuishi naye kama angekuwa mwongo mtupu. Lakini kuna mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli huko kusini, aliyemwona akicheza katika ubora wake, na siku nilipomuuliza, nikitumaini mabaya, alifikiri kidogo akajibu, "Alikuwa muzuri sana, yule. Muzuri sana. Lakini alikuwa anaongea." Na mimi mwenyewe niliuona uhodari huo. Mshambuliaji akija mbio, sisi wengine tulianza kuhangaika. Libero alipiga hatua moja ndogo ya kando, kama mtu anayempisha mama mwenye beseni kichwani, na mpira ukawa wake. Hatua hiyo aliipiga kabla mshambuliaji hajajua mwenyewe anataka kwenda wapi. Ukiwa nyuma yake ulidhani yule mwenzake amemletea mpira kwa hiari, kama deni la heshima.

Hakupenda kukimbia. "Kukimbia njo kazi ya muntu aliyechelewa kufikiri," alisema, njo ikiwa ndiyo ya kwetu, na kwa kuwa mimi nilikimbia sana, nilielewa alikuwa akimsema nani. Msemo wake mwingine ulikuwa huu: "Mushambuliaji ni mugeni. Mugeni hapigwi. Unamusalimia, unamushika mukono, unamusindikiza mpaka inje." Wageni wengi aliowasindikiza walitoka wakichechemea.

Alirudi Kindu kumzika mama yake. Alikuja na begi dogo na suti ya kijivu, akatangaza msibani kwamba hawezi kukaa sana kwa sababu timu inamngoja, na kocha hawezi kupanga safu ya nyuma bila yeye. Tukampa pole mara mbili, moja ya mama na moja ya kocha. Kisha vita vikaja. Treni ikakoma, majani yakaota kati ya vyuma vya reli, na ile safu ya nyuma huko kusini ikalazimika kujipanga yenyewe.

Mwanzoni alikwenda gare, yaani stesheni, kila asubuhi, amevaa ile suti, kuuliza treni inaondoka lini. Mkuu wa gare alikuwa mtu wa adabu. Alimjibu, "Labda kesho, Papa," kama tunavyomwita baba kwa heshima. Baadaye hata mkuu wa gare hakuonekana tena, na Libero akawa anaiuliza bendera ya stesheni. Pale pale gare alikuwapo mwanamke aliyekuja kutoka Kibombo na mchele wa kuuza, naye akakwama kwa kukosa treni ya kurudi. Ndiye Mama Zaina, mke wake. Alipoulizwa walivyooana alisema, "Tulingoja treni pamoja. Treni ilikataa kuja, tukachoka kusimama." Ni yeye pia aliyesema kwamba mumewe alilinda milango yote ya dunia isipokuwa wa nyumba yake. Mlango ule ulikuwa umetoka kwenye bawaba, ukiegemezwa ukutani, na Libero aliupita kila siku akieleza namna ya kuziba nafasi.

Nacheka, lakini fikiria. Beki hukomaa polepole. Mshambuliaji anaweza kuwaka akiwa kijana, lakini beki huiva akishaona mengi, kama divai ya mapadri. Libero aliivia Kindu, wakati wa vita, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuinywa.

Vijana wa sasa huuliza vita vilikuwaje. Vilikuwa hivi. Ndani ya mji walikuwamo wakombozi wetu, wenye bunduki. Nje ya mji, msituni, walikuwako wakombozi wengine, nao wana bunduki, waliotaka kutukomboa kutoka kwa wale wa kwanza. Sisi tulikaa katikati, tumekombolewa kila upande, tukipika majani ya mpapai bila chumvi. Mashamba yalikuwa nje. Ukitoka kwenda shamba, wa ndani walisema wewe ni mjumbe wa watu wa msituni. Ukifika huko, wa msituni walisema wewe ni mjumbe wa mjini. Kila upande ulikuwa na dawa moja ya wajumbe.

Katikati ya baraka hizo, Komanda aliyetutawala alipenda mpira. Kila Jumapili mchana kulikuwa na mechi, na kuhudhuria kulikuwa kwa hiari, kama unavyojua hiari ya aina ile. Yeye alicheza mbele, katikati, na alifunga mabao mengi sana. Kipaji chake kikubwa kilikuwa askari wake, waliosimama nyuma ya goli langu na bunduki. Akishika mpira, mabeki walifunguka kama pazia. Mimi nilijirusha upande ule ambao mpira hauendi. Usidhani ni kazi rahisi: Komanda mwenyewe hakujua mpira wake unakwenda upande gani.

Na sisi Libero alicheza siku za kawaida, akiita mazoezi, lakini mechi zile alizikataa. Profesionel, alisema, hachezi bila mkataba. Mpaka siku alipofuatwa nyumbani na askari waliomletea mkataba wao begani. Akavaa viatu, akaja, akasimama mbele yangu, na mgongo ule ukanizibia jua.

Nikamnong'oneza, "Ndugu yangu, leo tunaachia. Umesikia?"

"Nimesikia, Gardien," alijibu. Gardien ni kipa kwa Kifaransa chetu, na hilo ndilo jina pekee aliloniita maisha yake yote.

Alisikia, lakini nadhani mguu wake haukusikia. Komanda alikuja na mpira, mabeki wakafunguka, naye akaongeza mwendo kama mtu anayekwenda kupokea nishani. Libero akapiga ile hatua yake moja ya kando. Nilipotazama tena, mpira ulikuwa kwake na Komanda alikuwa ameketi kwenye tope, akitafuta mpira kati ya magoti yake.

Nyuma yangu nikasikia bunduki ikikokiwa, na mimi, kwa ushujaa niliojaliwa, nikalala chini.

Libero akainama, akampa Komanda mkono. "Pole, Afande," akasema, kwa sauti ileile ya kutufundisha sisi. "Kosa yako, unaangalia mupira. Usiangalie mupira. Angalia muguu yangu."

"Nani alikufundisha?" Komanda akauliza bado akiwa chini.

"Mi niko profesionel, Afande."

Komanda akamtazama. Kisha akacheka, na sisi sote tukacheka haraka, hata wale waliokuwa mbali wasiojua kilichosemwa. Lakini kesho yake askari walikuja tena kumchukua, na safari hii hawakumwambia achukue viatu. Mama Zaina alifunga kitambaa kichwani, akaketi chini kama mjane, na majirani wakaanza kuingia kimyakimya kupitia pale pasipokuwa na mlango. Walikuwa bado wanakaa pale, na wengine wameshalia, Libero alipotokea jioni na filimbi shingoni. Alikuwa ameteuliwa kocha.

Makocha wengine huanza na diploma. Huyu alianza kwa kutouawa.

Kazi yake ilikuwa kumfundisha Komanda namna ya kumpita beki. Alimfundisha kila kitu, isipokuwa namna ya kumpita yeye. Komanda alizidi kuwa mtaalamu. Akaanza kusema maneno makubwa kuhusu misuli na pumzi. Hapo Libero akamwambia kwamba timu ya mji inadhoofika kwa kufanya mazoezi kwenye udongo mgumu, na kwamba ng'ambo ya mto, Alunguli, kuna mchanga laini unaokaza misuli ya miguu. Komanda, kama mwanasayansi, akakubali. Tukapewa ruhusa ya kuvuka Lualaba kwa mitumbwi, timu nzima na vifaa vyake.

Nyuma ya Alunguli kulikuwa na mashamba ya muhogo.

Mara ya kwanza tulivuka wachezaji. Tulifanya mazoezi, kisha tukachimba, tukarudi na magunia ya "mipira". Mara ya pili timu ilikuwa imeongezeka. Akatokea katekista wa parokia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akatokea fundi cherehani mmoja mwenye mguu mfupi kuliko mwenzake. Wakatokea akina mama wenye vikapu, ambao Libero aliwaandikisha kama washangiliaji, maana timu ya profesionel haisafiri bila nyimbo. Siku nyingine nilitazama mtumbwi nikaona mimi peke yangu ndimi niliyewahi kupiga mpira, nami ni kipa.

Sasa, usimpambe. Kila mtu aliyerudi na muhogo alimpa Libero sehemu, aliyoiita haki ya kocha, naye alichagua mizizi minene bila kuona haya. "Kocha akikonda, timu inaanguka," alisema. Nilimchukia kwa mihogo ile, huku nikila yangu. Na kuna jambo lililotuudhi zaidi: alitulazimisha kufanya mazoezi kweli. Kabla ya kwenda shamba, watu wenye njaa, tulipangwa mstari kwenye mchanga, katekista, fundi, na mimi. "Panda!" tukasogea mbele sote pamoja. "Shuka!" tukarudi nyuma sote pamoja. Fundi akichelewa, zoezi lilianza upya. Katekista alisema Wana wa Israeli jangwani walikuwa na bahati, maana Musa hakuwa na filimbi.

Tulimwona mwenye kiburi tu, anayechezea mamlaka yake madogo. Inawezekana alikuwa hivyo.

Siku moja tukirudi, tulimkuta kivukoni ofisa mgeni aliyeletwa kulinda ng'ambo ile. Alikuwa kijana, msafi, na hakupenda mpira. Hilo lilitutisha kuliko bunduki yake. Akafungua gunia, akatoa muhogo, akaugeuzageuza.

"Siku hizi mipira inaota mizizi?"

"Ni chakula ya wachezaji, Afande," Libero akasema.

"Wachezaji gani?" Akatembea mbele yetu polepole, akasimama kwa katekista. "Huyu anacheza wapi?"

"Kushoto, mbele."

"Na huyu mwenye mguu mfupi?"

"Kulia, Afande. Njo kusudi anageuka haraka."

Ofisa hakucheka. Alisema ameambiwa kuna wajumbe wanaovuka mto kupeleka chakula na habari kwa watu wa msituni. Akasema yeye ni mtu wa haki, hamwonei mtu. Kama sisi ni timu, tutacheza pale pale, na askari wake. Tukicheza kama timu, tutavuka. Tukicheza kama wajumbe, tutabaki upande ule. Wote tulijua watu waliobaki upande ule. Mama mmoja wa washangiliaji, ambaye mumewe alikuwa mmoja wao, akaweka kikapu chini akaketi juu yake.

Libero akatuita. Kwa mara ya kwanza alitugeukia sote, akasema kwa sauti ndogo: "Mupira si rafiki yenu. Musiutafute. Mustari tu. Nikisema panda, munapanda. Nikisema shuka, munashuka. Musifikiri kitu. Mimi njo nitafikiri." Kisha akamvua katekista miwani, akaitia mfukoni mwake. "Baba, wewe afadhali usione."

Tukacheza. Magoli yalikuwa makasia yaliyochomekwa mchangani, ofisa akiwa mwamuzi na filimbi ya Libero mdomoni. Askari walikuwa vijana walioshiba, na baadhi waliujua mpira. Sisi tulikuwa mstari. Kila walipokuja walikuta ukuta wa watu wenye hofu, wanaokwenda mbele na kurudi nyuma pamoja kama shanga katika uzi mmoja, na nyuma ya ukuta Libero, akipiga hatua zake za kando, akiupiga mpira mtoni, akiomba radhi, akiupiga tena. Shuti moja lilimpiga fundi tumboni; tumbo lilikuwa tupu, likalia kama ngoma. Jingine nililizuia kwa uso, na watu waliponisifu baadaye sikuwaambia kwamba nilikuwa nikijaribu kulikwepa. Akina mama waliimba muda wote, wimbo wa kanisa, kwa sababu hapakuwa na mwingine uliojulikana na wote, Waislamu kwa Wakristo, wakitia jina la timu badala ya jina la Bwana.

Sisi hatukuvuka katikati ya uwanja hata mara moja. Hakuna aliyefunga. Jua lilipomchosha ofisa, akapuliza filimbi.

"Munacheza vibaya sana," akasema.

"Ndiyo, Afande," Libero akajibu. "Njo maana tunafanya mazoezi."

Ofisa akachukua gunia moja, akatuacha na mengine.

Mtumbwini niliketi mbele ya Libero, nikimtazama, jambo lisilo la kawaida kwangu. Katikati ya mto akainama pembeni akatapika, akanawa mdomo kwa maji ya Lualaba. Tulipogusa ng'ambo yetu akasimama, akamrudishia katekista miwani yake, akasema, "Wewe uliacha nafasi yako. Kesho utarudia." Na kesho yake, naapa, alirudia.

Vita vilipokwisha, au vilipohamia kwa wengine, tulidhani mji utamjengea sanamu. Mji ukampa timu, halafu ukamtukana. Watu walikuwa na amani sasa, walitaka mabao. Libero aliwapa mechi zisizo na bao, moja baada ya nyingine, mechi ambazo hata wauza karanga walisinzia. Mashabiki walimwimbia nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Aliwajibu kwa kusimama kando ya uwanja, amewapa mgongo, jambo alilolijua vizuri. Wakamfukuza. Akaenda Kampene kufundisha timu ya wachimba madini, ambayo tajiri mmoja wa pale aliilisha. Alirudi kabla ya mwaka kuisha. Nilipomuuliza kilichotokea, akasema, "Wale wanajua kushuka tu. Wamezoea mashimo. Kupanda hawajui." Mama Zaina akasahihisha kutoka jikoni kwamba tajiri alitaka timu ishambulie, na Libero akamshauri akauze mchele.

Basi redio moja ya mji ilimwalika kuzungumza. Mtangazaji akamuuliza: katika maisha yako yote, mechi ipi ilikuwa kubwa kuliko zote? Nilikuwa dukani kwangu, nikaacha mteja, nikasogea kwenye redio. Katekista alikuwa ameshafariki. Fundi alikuwa hai, na najua naye alikuwa akisikiliza. Libero akakohoa, akasimulia mechi moja ya kusini, yenye umati na bendi na mshambuliaji maarufu aliyemsindikiza mpaka nje. Mchangani hakupataja.

Nilimfuata nyumbani kwake. "Papa, kwa nini hukusema ile ya Alunguli?"

Alinitazama kana kwamba nimemtusi. "Ile? Muntu mumoja hana miwani, mwingine muguu mufupi, kipa anaogopa mupira. Unataka watu wasikie mi nilifundisha timu ya vile?"

Mtu yule aliyejisifia kila kitu, hata ambacho hakukifanya, alikuwa na jambo moja la kujisifia kweli, akalionea haya kwa sababu za kiufundi. Nimejaribu kumwelewa hapo, nikashindwa. Nilihamia Lubutu baadaye, kuuza vipuri vya pikipiki barabara ya Kisangani, na kwa miaka kadhaa nilipata habari zake kwa watu wanaopita: kwamba amezeeka, kwamba bado anaongea, kwamba wamempa timu ya wasichana kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Juzi hapa nilirudi Kindu kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, na Jumapili alasiri nikaenda uwanjani. Nilimkuta kando ya mstari kwenye kiti cha plastiki, shati limenyooshwa vizuri, mikono juu ya magoti. Wasichana wake walikuwa wakicheza na wenzao wa Kalima. Nikamkaribia kwa mbele, nikamnyooshea mkono. Mkono wangu ukabaki hewani. Alikuwa akiutazama moja kwa moja na hauoni.

"Shikamoo, Papa," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Gardien! Marahaba. Kaa. Kaa karibu." Akanivuta kwa mkono wa shati, akashusha sauti. "Usiseme na nguvu. Macho yangu imechoka kidogo. Mupira iko wapi?"

Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maji ya mchele. Mama Zaina, aliyeketi nyuma yetu kwenye mkeka, alinyanyua mabega. Baadaye aliniambia kuwa daktari alisema mtoto wa jicho hutolewa Kisangani bila taabu, lakini mgonjwa amejibu kwamba haoni tatizo. "Na anasema kweli," akaongeza. "Haoni."

Nikaanza kumwambia. Mpira uko kulia. Umerudi katikati. Wa Kalima wanao. Kila nilipotaja mahali, alipaza sauti kwa wasichana kama aliyejionea mwenyewe. Kisha nikagundua jambo. Wasichana wale walipiga kelele kuliko timu yoyote niliyowahi kuiona. Kila aliyepiga pasi alitaja jina la anayempelekea, kwa nguvu, na mwingine akajibu, "Niko hapa kushoto!" hata pale ambapo kila mwenye macho aliona yuko kushoto. Kapteni wao, Riziki, beki mrefu wa miaka kama kumi na saba, alipopita karibu nasi kurusha mpira, alisema kama anayezungumza peke yake, "Namba tisa wao ni mufupi, anapenda muguu wa kulia." Libero akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha alichokwisha kukiona. Uwanja mzima ulijua kwamba haoni. Yeye ndiye aliyedhani ni siri, au alituacha tudhani hivyo.

Karibu na mwisho Riziki alinyang'anya mpira kule nyuma. Nilidhani ataupiga nje, kama walivyofundishwa wote waliopita mikononi mwa mzee yule. Akaondoka nao. Akampita mmoja, mwingine akateleza, akavuka katikati, watu wakasimama, na nikaacha kusimulia kwa sababu nami nilikuwa nimesimama. Aliupiga chini, pembeni, mahali ambapo kipa yeyote anajua hapafikiki. Kelele iliyofuata iliruka mto.

Libero alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. "Nani?"

"Riziki."

"Riziki ni beki."

"Ndiyo, Papa."

"Alitoka wapi?"

Nikamwambia: kule nyuma kabisa, karibu na goli letu. Nikasubiri matusi. Akauelekeza uso uwanjani, upande ambao hakuna aliyekuwapo, maana wasichana wote walikuwa wamerundikana juu ya mwenzao kwenye kona nyingine.

"Sema yote," akasema.

Nikasema yote, tangu mwanzo: alivyounyang'anya, alivyompita wa kwanza, alivyoteleza wa pili, alivyopiga.

"Tena."

Nikasema tena. Safari hii niliongeza beki mmoja ambaye hakuwapo uwanjani, mtu mzima wa Kalima, mnene, mwenye mabega mapana, na Riziki akampita naye kwa hatua moja ya kando, akamwacha ameketi.

Libero alitikisa kichwa polepole. "Maskini, ule beki," akasema. Kisha akanigeukia. "Jina yake nani?"

Nikamtafutia jina.